Karatasi Zilizokataa Kubanduka

Baba alianza kukohoa mvua zilipoanza, na mvua zilipokwisha alikuwa bado anakohoa. Nikampeleka kituo cha afya, yeye akiwa amevaa koti lake la Jumapili na uso wa mtu anayeitwa barazani kwa kosa la jirani. Daktari, mwanamke kijana aliyehamia Uvira kutoka Bukavu, alimsikiliza kifua mbele na nyuma, kisha akauliza jambo nisilolitarajia: mzee analala wapi, na kuta za hapo zikoje.

"Kuta iko muzuri," baba akajibu. "Iko na tapiseri."

Daktari akanigeukia, nami nikamweleza. Nyumba yetu iko Mulongwe, si mbali na mto. Sebule yake imebandikwa karatasi za ukutani tangu nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na aliyezibandika ni baba mwenyewe. Mama alipofariki, baba alitoa kitanda chake chumbani akakiweka humo sebuleni, kichwa kikielekea ukuta wa upande wa mto. Mto unapofurika, maji yanaingia hadi magotini, yanatoka, tunazoa matope, maisha yanaendelea. Karatasi zinabaki. Sehemu ya chini imekuwa nyeusi, na ukiisogelea inanuka kama gunia la mpunga lililosahauliwa mvuani.

"Muzitoe," daktari akasema. "Dawa nitamupa, lakini mukiacha ule ukungu, dawa itakuwa kazi ya bure."

Tulipofika mlangoni baba akasema, "Ule mutoto hajui kitu. Minye siko mugonjwa. Iko kikohozi tu."

Lazima nieleze fahari ya karatasi hizo, la sivyo baba ataonekana mkaidi bila sababu. Alifanya kazi bandarini Kalundu, kwenye ghala. Mfanyabiashara mmoja wa mjini, Mwislamu wa zile koo ambazo babu zao walikuja na biashara ya ziwani wakabaki, alikuwa ameagiza marobota ya karatasi za ukutani kwa ajili ya hoteli ya mtu fulani. Hoteli haikujengwa. Karatasi zikakaa ghalani hadi mwenyewe akachoka kuzitazama, akampa baba. Zilikuwa na maua makubwa ya rangi ya chungwa juu ya weupe wa maziwa, na kati ya maua kulikuwa na ndege wa kijani ambaye hatujawahi kumwona ziwani wala milimani. Mama alikuwa kwao Sange wakati huo, amekwenda kusaidia mavuno ya mpunga. Aliporudi alikuta sebule imegeuka. Majirani walikuja kutazama. Walivua viatu mlangoni, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya kwetu kabla ya hapo.

Kwa hiyo nilijua kwamba kuzitoa kungemuuma. Sikujua kwamba kungenitia wazimu mimi.

Mimi ni mshonaji. Nina cherehani yangu sokoni, na nilijipangia kwamba kazi ile itakuwa ya Jumamosi moja. Nilianza kwenye kona ya dirisha. Nilichomeka kisu chini ya karatasi, nikavuta, na kipande kirefu kikabanduka taratibu kama ganda la ndizi mbivu. Nilifurahi, nikaimba hata. Hicho kilikuwa kipande cha kwanza na cha mwisho kubanduka hivyo. Kilichofuata kilitoka kwa ukubwa wa ukucha. Kilichofuata tena hakikutoka kabisa, ila kilichanika ngozi ya juu, maua yakaondoka, ikabaki karatasi ya chini nyeupe imeng'ang'ania ukuta kama kupe.

"Papa, ulibandika na nini?"

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake katikati ya sebule. Nilikuwa nimemwomba aende akae kibarazani, akakataa, akasema nyumba ni yake na vumbi ni la kwake.

"Na kole."

"Kole gani?"

"Kole ya unga ya muhogo." Akafikiri. "Na kitu ingine kidogo."

"Kitu gani?"

"Ya Kalundu kule. Ya kufunga masanduku." Uso wake ulikuwa na furaha isiyofichika.

Jirani yetu, mama anayeuza vitenge, alikuja na ushauri. Akasema nitie siki katika maji ya moto, niloweshe ukuta, ningoje, kisha nikwangue. Kaka yangu aliyeko Bukavu akapiga simu na ushauri wake. Alikuwa ameona kwenye simu Wazungu wakitumia mashine ya mvuke, na karatasi zinaanguka zenyewe. Nikamwuliza mashine hiyo inatumia nini. Akasema umeme. Nikamwuliza kama amesahau kwao ni wapi. Umeme ulikuwa umekatika tangu katikati ya wiki, na robine, bomba letu la maji, ilikuwa inakohoa kuliko baba. Nilikwenda kuchota maji ziwani kwa bidoni, nikayachemsha juu ya mbabula ya makaa, nikamimina siki yote niliyokuwa nayo, nikalowesha ukuta.

Harufu ya siki ile sitaisahau. Nyumba ilinuka kachumbari kuanzia mlangoni hadi chooni. Na ukuta wetu, chini ya karatasi, ni wa matofali ya udongo yaliyopakwa udongo. Nilichokwangua hakikuwa karatasi peke yake. Uji wa rangi ya kahawia uliteremka mkononi mwangu hadi kwenye kwapa, na ndege wa kijani akabaki palepale ananiangalia.

"Weye unakwangua kama muntu anaparua samaki ya mukeke," baba akasema nyuma yangu. "Polepole. Utaangusha nyumba."

"Papa, basi njoo unionyeshe."

"Minye? Minye sikusema zitoke."

Hivyo ndivyo kazi ya Jumamosi moja ilivyokuwa kazi ya kila jioni. Nilitoka sokoni mgongo unaniuma, nikala haraka, nikachukua kisu. Nilikuwa nikikwangua eneo la ukubwa wa sinia kabla giza halijaingia. Baba alikaa, akakohoa, akatoa maoni. Nikikosea alisema. Nikipatia alinyamaza.

Kisha yakaanza mambo ya ajabu. Jioni moja nilirudi nikakuta ukuta ulio karibu na jiko una maua. Nilisimama na mkoba wangu begani. Nilikumbuka vizuri kwamba sehemu ile nilikuwa nimeimaliza, maana ilikuwa imenichubua vidole. Nikajiambia nimechoka, nimechanganya kuta. Kesho yake nikakuta ndege mwingine amerudi, safari hii kichwa kikitazama chini.

"Papa, nani alibandika hii?"

"Ipi?"

"Hii hapa."

"Ile iko hapo siku mingi."

"Papa, iko mbichi! Angalia kidole yangu."

Akakitazama kidole changu kwa makini, kama mtu anayepima samaki sokoni. "Labda iko ubaridi," akasema.

Nilikwenda jikoni. Sufuria yangu ndogo ilikuwa imewekwa chini ya meza, imefunikwa kwa kitambaa, na ndani yake kulikuwa na kole iliyogandamana. Mfuko wa unga wa muhogo niliouweka kwa ajili ya bugari, ugali wetu wa jioni, ulikuwa umelegea kama puto lililotoboka. Mzee mwenye kikohozi, ambaye asubuhi alikuwa ameniambia hawezi hata kujichotea maji ya kunawa, alikuwa akingoja nitoke, anakoroga kole, anaokota vipande kwenye taka, anapanda kigoda na kuvirudisha ukutani.

Siku hiyo nilipaza sauti. Sioni haja ya kuandika yote niliyoyasema. Jirani wa vitenge alitokea dirishani na mtandio wake kichwani, akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia msiba bado, lakini uko njiani. Akaingia, akaketi karibu na baba, akamsihi kwa upole.

"Muzee, si uende kwa dada yako kule Katogota kidogo? Upate hewa. Kazi ikiisha, tunakuita."

"Katogota kuko mbu."

"Na hapa?"

"Hapa mbu wananijua."

Jirani akanitazama kwa huruma, akaondoka. Usiku ule tulikula ndagala, dagaa wa ziwani, bila bugari.

Kilichonishangaza, nilipopoa kidogo, ni kwamba baba hakuwa akibandika kila mahali. Ukuta wa mlango aliuachia bila neno. Ukuta wa dirisha aliulalamikia, lakini aliuacha. Karatasi alizorudisha zote zilikuwa zinasogea upande mmoja, kuelekea ukuta wa mto, kana kwamba alikuwa anajenga boma ili nisifike huko. Nilidhani ni kwa sababu ndiko kilikokuwa kitanda chake. Nilidhani anamkumbuka mama. Nikaumia moyoni, halafu akakohoa tena, kikohozi kirefu kilichomwinamisha, na huruma yangu ikageuka hasira upya. Mtu hawezi kumlilia mke kwa kujiua kwa ukungu.

Asubuhi ya Jumapili sikwenda ibada. Nilimpeleka baba hadi mlangoni, nikamkabidhi kwa wanakwaya waliokuwa wakipita, nikarudi ndani. Nilisukuma kitanda. Nilimwagia ukuta maji ya moto yasiyo na siki, maana siki ilikuwa imekwisha na imani yangu juu yake pia. Karatasi ya upande huo ilikuwa nene ajabu, baba alikuwa amebandika mbili, moja juu ya nyingine. Nikaacha kisu, nikachukua panga. Nikalipitisha chini ya karatasi, nikakunja nguo yangu, nikavuta kwa mikono miwili na uzito wangu wote.

Ilikuja. Ilikuja yote, kuanzia karibu na dari hadi kwenye sakafu, pamoja na udongo, pamoja na mimi. Nilijikuta nimekaa chini, nimefunikwa na maua. Nilipojitoa na kutazama juu, niliona mwanga mahali ambapo hapakuwa na dirisha.

Ukuta ulikuwa umepasuka. Si ufa wa nywele ambao kila nyumba ya udongo huwa nao. Ulianza juu, chini ya bati, ukateremka ukijipanua, na pale kitanda kilipokuwa mkono wangu uliingia wote. Ndani yake mlikuwa mmesokomezwa mifuko ya simenti mitupu, matambara, na kipande cha shati la shule jeupe lenye mfuko wa kushoto. Nililivuta lile shati, na nyuma yake nikamwona kuku wa jirani akichakura kwenye uchochoro.

Shati nililitambua. Kaka yangu alipigwa kwa ajili ya shati lile. Alisema hakulipoteza, akalia, akaapa, na mama hakumwamini.

Baba alirudi akiwa na wanakwaya wawili. Alipoona kitanda katikati ya sebule aliwaaga palepale mlangoni, akafunga mlango, akaenda kukaa kwenye kiti chake. Sikuwa na nguvu za kupiga kelele tena.

"Njo maana nilikuambia uache," akasema.

"Papa, hii iko hapa tangu lini?"

"Tangu maji ya ule mwaka, mama yako alikuwa Sange."

Akanieleza kidogo kidogo, akikatizwa na kikohozi. Mto ulikuwa umekuja kwa nguvu mama akiwa mavunoni, na maji yalipoondoka ukuta ulikuwa umefunguka. Mama alikuwa amekwisha kusema mara nyingi kwamba Mulongwe si mahali pa kukaa na watoto, kwamba warudi kwao Sange, uwandani. "Sasa minye Sange nifanye nini?" baba akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa namtaka aende. "Kazi iko Kalundu. Nilime mupunga na mikono hii? Simenti sikuwa nayo. Tapiseri nilipewa."

"Ukamudanganya mama."

"Kumudanganya? Mama yako?" Alicheka, kicheko kikawa kikohozi, nikampa maji. Aliponyamaza alifuta midomo kwa leso yake. "Siku alirudi, aliweka mizigo yake chini. Hakukaa. Akaenda moja kwa moja mupaka pale, akagonga na kidole. Hapa, ko, ko. Hapa, ko, ko. Pale, pu. Akaniangalia. Akasema, 'Papa, iko muzuri sana.' Akaenda kupika."

"Hakusema kitu?"

"Atasema nini? Alisongesha kitanda yenu. Hukumbuki?"

Nilikumbuka. Wakati ule mimi na kaka tulilala humo sebuleni, na kitanda chetu kilikuwa kwenye ukuta ule. Mama alikivuta akakipeleka upande wa mlango siku hiyohiyo aliyorudi. Alisema upande wa mto una mbu. Tulimwamini, maana ulikuwa nao kweli.

Kwa hiyo walijua wote wawili. Waliishi miaka yote ile ndani ya nyumba iliyofunguka, wakawakaribisha wageni, wakapokea sifa za maua, na kila mvua iliponyesha kila mmoja alijua mwenzake yuko macho, na hakuna aliyesema. Nilitaka kumwuliza baba wangeendelea hivyo hadi lini. Lakini mama alikuwa ameshaondoka, na jibu lilikuwa hilo.

"Na weye," nikasema. "Unajua iko hivi, halafu unaweka kitanda yako hapohapo."

"Nani mwingine alale hapo? Weye?" Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipumbavu. "Ukuta ikianza kuanguka, inaanza na kusema. Minye nikiwa karibu nitasikia."

Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumpiga na sufuria ya kole. Nilikwenda nje, nikapita uchochoroni, nikasimama upande wa pili wa ule ufa, nikamwona baba ndani amekaa, mikono juu ya magoti. Kisha nikampigia kaka simu. Alinisikiliza hadi mwisho. Habari za ukuta hazikumgusa hata kidogo mwanzoni.

"Shati yangu?" akasema. "Papa alichukua shati yangu? Minye nilipigwa!"

"Iko hapa. Iko na mufuko bado."

Halafu akaanza kucheka, na mimi nikacheka, nikiwa nimeegemea ukuta wa jirani kwa sababu wetu sikuuamini tena.

Fundi tulimpata Sange, mtu wa ukoo wa mama, mtaratibu kupita kiasi. Alikuja na baiskeli, akautazama ukuta, akanywa chai, akautazama tena. Akasema hauzibiki. Ubomolewe wote na uanzwe kwenye msingi kwa mawe, kabla mvua hazijarudi. Mimi niliyetaka kutoa karatasi tu, kwa kisu cha jikoni, sasa nilikuwa naondoa ukuta mzima wa nyumba. Baba alihamia chumbani kwangu, mimi nikalala jikoni kati ya masufuria. Bati liliegemezwa kwenye miti, na kwa majuma mengi sebule yetu ilikuwa na pande tatu. Wapita njia walitusalimu tukiwa tunakula.

Siku ya kubomoa baba aliomba kiti chake kiwekwe mahali pa kuonea. Fundi alipiga nyundo, matofali yakaanguka, ila palipobaki karatasi hayakuachana. Yalianguka yakiwa yameshikana, kipande kizima kikining'inia kwenye maua yake. Fundi alilazimika kukata karatasi kwa panga ndipo akaendelea.

"Muzee," akasema akihema, "hii kole iko na nguvu kupita nyumba."

Sijawahi kumwona baba akifurahi hivyo tangu mama afariki. Alirudia maneno hayo kwa kila mtu aliyepita wiki ile, hata kwa daktari tuliporudi kituoni. Mimi nilikuwa nimesimama kando, vumbi puani, natafuta pa kuweka hasira yangu.

Ukuta ulisimama. Ni wa matofali ya kuchoma, kaka alituma simenti, na msingi wake ni wa mawe ya mtoni, yale yale ambayo mto hutuletea bila kuombwa. Nilikuwa napaka chokaa, nimefurahi kwa mara ya kwanza baada ya miezi, na fundi amekwisha kufunga vyombo vyake kwenye baiskeli, baba aliposema kutoka kitini kwake:

"Kwa kuwa fundi bado iko hapa, mumwambie asongeshe ile kabati ya chumbani."

Brashi ilinitoka mkononi. Fundi alirudi ndani. Tulisukuma kabati sote watatu. Nyuma yake palikuwa na ufa mdogo, wa kuingia kidole, na fundi aliuziba kabla maji ya chai hayajachemka. Baba alionekana amevunjika moyo kidogo kwamba haukuwa mkubwa zaidi.

Sasa sebule ni nyeupe. Baba anasema ni kama lopitali, na kwamba mtu akiingia anaanza kuumwa. Kitanda chake kimerudi humo, upande wa mto, ingawa ukuta huo sasa hauna la kusema. Kikohozi kimepungua, hakijaisha. Daktari anasema tuvumilie. Juu ya fremu ya mlango kimebaki kipande cha karatasi, ua moja na nusu ya ndege. Nimekijaribu kwa kisu, kwa maji, kwa mafuta ya taa, kisha nikakipaka chokaa, na ua likajitokeza tena kupitia chokaa. Wageni wakiuliza, baba hukionyesha kwa kidevu.

"Ile iko ya binti yangu," anasema. "Imemushinda."